Mstari Mmoja Juu ya Arobaini na Mbili

Wodini wananiita Mama Kipimajoto, na jina hilo sikupewa kwa mapenzi. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita, na wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu wanajua kitu kimoja: usithubutu kuandika kwenye chati joto ambalo hukulipima. Mwanafunzi akiniletea chati, namkazia macho. "Umepima?" "Nimepima, sista." "Kipimajoto kiko wapi?" Akibabaika tu, siku yake imeharibika. Mdomo ninao, sikatai. Mume wangu husema nilizaliwa na filimbi kinywani.

Sasa mimi huyo huyo niliibia mtihani wa chuo kikuu. Naeleza kwa mdomo wangu kwa sababu huko nje wameshatia chumvi, wakati ukweli wenyewe mtupu unatosha kabisa kunivua nguo.

Ilianza na barua kutoka kwa wakubwa wa hospitali. Muuguzi asiye na digrii hatakuwa tena mkuu wa wodi, hata awe na mvi hadi kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nakaimu ukuu wa wodi ya wanaume kwa miaka minne, na stashahada yangu ya zamani ikiwa imening'inia ukutani. Basi nikaomba chuo, nikapata, na sisi tuliotoka kazini tukaingizwa mwaka wa pili moja kwa moja. Wenzangu wakaniandalia soda na keki kwenye chumba cha chai. Matroni akasimama na gilasi yake. "Huyu akifeli," akasema, "jueni chuo ndicho kimefeli." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nilicheka na mimi, lakini maneno yale yalinikaa shingoni tangu siku hiyo.

Darasani nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, nimezungukwa na watoto wa miaka ishirini. Walinibebea mkoba. Walinipisha kiti karibu na feni. Mhadhiri wetu wa dawa na dripu, kijana mwembamba ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kwanza, kila akikwama kwenye mfano aligeuka upande wangu: "Au siyo, mama? Wewe ndiye mwenye kazi." Nami najibu, darasa zima linaandika. Raha yake, jamani! Nisiseme uongo, nilivimba kichwa.

Tatizo likaja kwenye hesabu. Mimi dripu naijua kwa macho. Niweke mbele ya chupa ya lita moja, uniambie iishe kwa saa nane, nitageuza kile kigurudumu na kuhesabu matone kwa saa yangu ya kifuani mpaka yafike arobaini na mawili kwa dakika, basi. Nilifundishwa na sista mmoja mkali kuliko mimi, na yeye hakunifundisha kanuni, alinifundisha namba. Chuoni wanataka kanuni. Kigawanye hiki, zidisha kile, onyesha njia. Watoto walikuwa wanaandika njia mistari mitatu kabla sijapata kalamu kwenye mkoba.

Ningeuliza. Mtu yeyote mwenye akili zake angeuliza. Lakini kuuliza kwa mama mwenye kazi niliona ni kujianika. Jaribio la kwanza nilipata thelathini na nane kwa mia. Nilikunja ile karatasi mara nne nikaisokomeza ndani ya kiatu, kama msichana anayeficha barua. Mume wangu akauliza mezani, "Vipi jaribio?" Nikamjibu, "Nimewaonyesha." Akawaambia watoto, watoto wakanishangilia. Mtihani wa mwisho ulipokaribia nilikuwa nimeshajijengea uongo wenye ghorofa tatu, nami niko juu kabisa, sijui kushuka.

Sasa nimlete yule binti. Darasani walimwita Mashoto kwa sababu anaandika kwa mkono wa kushoto, karatasi kaiinamisha utadhani inataka kuanguka. Mkimya, hana makuu. Mimi na yeye tulijuana kabla ya chuo, na kujuana kwenyewe hakukuwa kuzuri. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amekuja wodini kwangu kwa mazoezi. Asubuhi moja kaniletea chati, kitanda namba sita kina joto thelathini na sita nukta nane. Safi kabisa, ila mgonjwa wa kitanda namba sita alikuwa ameruhusiwa tangu alfajiri na godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani likipigwa dawa.

"Hebu njoo," nikamwambia. "Njoo unionyeshe ulivyolipima godoro. Uliliwekea kwapani?"

Wodi nzima ikacheka, wagonjwa kwa wafagiaji. Nilimsimamisha pale katikati ya vitanda, nikamsema mpaka machozi yakamtoka. Nikamwambia anayeandika asichopima anamwibia mgonjwa. Halafu nikaenda mezani, nikachukua fomu yake ya mazoezi, ile inayorudi chuoni na kuwekwa kwenye faili, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Mwanafunzi huyu si mkweli. Chochote anachoandika kiangaliwe na mtu mwingine.* Tarehe, saa, sahihi. Nilikwenda kunywa chai nikijiona nimeokoa taifa.

Tulipokutana darasani alinisalimia, "Shikamoo, sista," nikaitikia, yakaisha. Wenzake wote waliniita mama. Yeye alibaki na sista.

Siku ya mtihani niliamka na mpango. Niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikaandika kanuni ya dripu kwenye kiganja cha kushoto kwa kalamu ya wino. Huku naandika najisemea. Nilisema hii si kuiba, hii kazi naifanya miaka yote. Nilisema watoto wote wanafanya, mbona mmoja nilimwona na karatasi kwenye soksi. Nilisema ni mara moja tu, nipate karatasi yao, nirudi nikahudumie watu. Nilisema mengi, na yote yalikuwa na sauti ya mtu mwenye busara. Hakuna wakili hodari kama mtu anayejitetea mwenyewe bafuni.

Chumba cha mtihani kiko jirani na maabara, na mlangoni pana sinki. Mnajua nilichofanya? Niliona bomba, nikanawa mikono. Miaka ishirini na sita! Mkono ulikwenda wenyewe. Nimesugua viganja, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko, ndipo nikaona maji ya buluu yanazunguka yakishuka kwenye tundu. Mwanamke mwenye haya angecheka pale, akaingia na kufeli kwa heshima zake. Mimi nilikausha viganja kwenye gauni, nikaingia huku natafuta njia nyingine.

Swali la nne ndilo. Mzee mwenye moyo dhaifu, lita moja ya maji kwa saa nane, mrija unaotoa matone ishirini kwa mililita. Matone mangapi kwa dakika? Onyesha njia. Nikaandika 42 papo hapo. Halafu nikabaki natazama ile nafasi tupu chini yake, pa kuonyesha njia, na kichwani hakuna kitu.

Mashoto alikuwa safu ya mbele yangu, upande wa kulia. Karatasi yake, kwa ule mwinamo wake, ilikuwa inanitazama mimi. Macho yangu ya karibu yamechoka, bila miwani sisomi hata jina langu, ila ya mbali bado mazima. Nikavua miwani. Wanasema mtu asiye na aibu kavaa miwani ya mbao. Mimi nilivua ya kioo ndiyo nikawa hivyo.

Nikaiona njia yake mistari mitatu, safi, imenyooka. Elfu moja gawanya kwa nane. *Kwa hiyo basi, matone yatakuwa 125 kwa dakika.*

Mia na ishirini na tano! Dripu ya hivyo haidondoki, inamwagika. Ningemwona mwanafunzi ameifungulia hivyo kwa mzee mwenye moyo dhaifu, ningepiga kelele zikasikika geti kuu, kwa sababu mapafu yake yangejaa maji kabla ya chakula cha mchana. Nilijua. Naapa nilijua. Lakini alikuwa ameandika bila kusita, na mistari mitatu, na mimi nilikuwa na namba moja tu isiyo na baba wala mama. Nikajiambia, huenda chuoni wanahesabu kivingine. Huenda miaka yote nimekuwa nikikosea na wagonjwa wamenivumilia. Nikarudisha miwani, nikaikata 42 yangu kwa mstari, nikanakili yale yote ya Mashoto, mpaka hiyo "kwa hiyo basi".

Jumatatu iliyofuata mhadhiri alituita ofisini, mimi na Mashoto. Ofisi yenyewe ndogo, viti viwili, mhadhiri kakaa pembeni ya meza ili tupate pa kuweka magoti. Akaziweka karatasi zetu mbili sambamba. Neno kwa neno, kosa kwa kosa.

"Mama," akaniambia, kwa upole ule unaoua, "wewe ulighafilika tu, mtihani una presha yake. Hilo halina shida. Ila huyu," akamgeukia Mashoto, "kanakili mpaka kosa lako. Mama, uliona chochote?"

Hakuuliza hata nani alikaa mbele ya nani. Pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu, wazi kama mlango. Mashoto hakusema neno. Alikuwa anaangalia mikono yake. Mimi nikasafisha koo.

"Sikuona kitu," nikasema. "Nilikuwa nimeinamia karatasi yangu."

Na hilo, kama mnataka kujua, ndilo linaloniuma kuliko kuibia kwenyewe. Kuibia nilifanya kwa woga. Hili nililifanya nimekaa kwenye kiti, natazamwa kwa heshima, na moyo umetulia. Mhadhiri akasema kesi itasikilizwa na kamati Alhamisi, na kwamba kwa kosa kama hili mwanafunzi hufukuzwa chuo. Tulipotoka Mashoto alinifungulia mlango nipite.

Jumanne sikula. Jumatano mume wangu akauliza nimepatwa na kitu gani, nikamwambia presha. Akanipima, akakuta iko sawa, akaniambia, "Mke wangu, hii mashine inakukatalia." Nikamfokea bure, maskini ya Mungu.

Alhamisi tukaingia mbele ya kamati. Watu watano kwenye meza ndefu, katikati profesa mmoja mama mtu mzima, sauti ya chini, kalamu mbili mbele yake. Mimi nimeitwa kama shahidi tu, nimepewa hadi maji ya kunywa. Mashoto kakaa kwenye kiti cha peke yake, kavaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Wakamuuliza kama ameibia. Akasema, "Hapana. Nilikosea mwenyewe." Mjumbe mmoja akaguna.

Profesa akafungua faili. "Binti, tungependa kukuamini," akasema. "Lakini humu tuna taarifa yako ya mazoezi." Akasoma kwa sauti, taratibu. *Mwanafunzi huyu si mkweli. Chochote anachoandika kiangaliwe na mtu mwingine.* Kisha akaligeuza faili upande wangu, anatabasamu kidogo kama mtu anayenipa heshima yangu. "Nadhani huu ni mwandiko wako, mama?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kile kikombe cha maji. Mwandiko ule mzuri! Herufi zimesimama wima. Nilikuwa namfukuza yule mtoto kwa mikono miwili, mmoja wa mwaka jana na mmoja wa juzi.

"Ni wangu," nikasema. Miguu ikanisimamisha. "Na mimi ndiye niliyeibia. Nilimwangalizia yeye."

Mhadhiri wetu akainuka nusu. "Mama, tafadhali. Tunajua una huruma, usimbebee mzigo."

"Sibebi mzigo wa mtu!"

"Mama, kaa, unywe maji."

Oneni sasa! Siku zote nimeaminiwa nikidanganya, leo nasema kweli naambiwa ninywe maji. Nilikwenda mpaka mezani bila kuruhusiwa, nikaichukua karatasi yangu ya mtihani, nikaiweka chini ya pua ya profesa. "Tazama hapa, swali la nne. Hapa nilipokata."

Wodini hatufuti kosa. Hatuchafui kwa wino, hatuchani, hatupaki rangi nyeupe. Tunapiga mstari mmoja juu yake ili anayekuja nyuma asome kilichokuwepo, na pembeni tunaweka herufi za jina na saa. Nimewafundisha mamia. Na kwenye mtihani, katikati ya kuiba, mkono wangu ule ule uliokwenda sinki ulipiga mstari mmoja, ukaweka herufi zangu na saa: nne na dakika kumi. Mhadhiri alikuwa ameona nimejirekebisha tu, akapita.

"Soma chini ya mstari," nikamwambia profesa.

Akasoma. Akachukua kalamu, akahesabu pembeni, midomo inatembea. Akaniangalia. "Arobaini na mbili ndiyo sahihi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ulikuwa nalo jibu. Ukalikata?"

"Nililikata."

Hakuna aliyeniambia tena nikae. Profesa akaweka kalamu chini. "Kwa nini, mama?" Na hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilijaribu kumjibu. Nilimwambia habari ya keki na matroni, na thelathini na nane iliyolala ndani ya kiatu. Nilimwambia kwamba ukishaitwa anayejua, kutojua kunakuwa kama ugonjwa wa aibu, unaenda kuutibu gizani. Nikamwambia nilimwamini mtoto wa watu kuliko nilivyojiamini, na ofisini nikamkana, kwa sababu kufukuzwa kwake kulionekana kudogo kuliko kuaibika kwangu. Nikafika hapo, sauti ikakatika, nikalia mbele ya watu watano kwa kwikwi, mama mzima na saa yangu kifuani.

Kwa kuwa nilijitaja mwenyewe hawakunifukuza, walinisimamisha mwaka mmoja, nirudie mtihani nikirudi. Mashoto walimwachia, na kosa lake likabaki kosa, alama zake za swali la nne alizikosa kama mtu yeyote aliyekosea kwa haki. Kabla sijatoka niliomba ile fomu ya mazoezi. Profesa akasema taarifa haiondolewi kwenye faili. Nikamwambia siondoi. Nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu, yanasomeka, na chini yake nikaandika: *Nilimhukumu kwa kosa la asubuhi moja. Aliyekuwa si mkweli baadaye ni mimi.* Tarehe, saa, herufi za jina.

Nimerudi wodini kama muuguzi wa kawaida, na mkuu wangu sasa ni msichana niliyemfundisha mimi kutandika kitanda. Nikiingia chumba cha chai mazungumzo hubadilika kuwa ya mvua. Juzi mwanafunzi kaniletea chati, kasimama kwa woga kungoja lile swali langu. Nikafungua mdomo, wodi nzima ikanigeukia kutazama kama nitathubutu. Nikamwambia chukua kipimajoto twende wote. Hayo nayavumilia, nimeyatafuta mwenyewe.

Nisichokivumilia ni cha siku ile ile, nje ya chumba cha kamati. Nilimkuta Mashoto amesimama kwenye korido, ameegemea ukuta. Nilidhani ananisubiri anitukane, na nilikuwa tayari. Akasema, "Shikamoo, sista."

"Mwanangu, usiniamkie mimi."

"Nilikuona," akasema. "Siku ya mtihani. Dirisha la mbele linaonyesha watu wa nyuma. Nilikuona umevua miwani, unaniangalizia, unaandika."

Nilikosa pa kuweka uso. "Sasa mbona hukusema Jumatatu? Ofisini pale, mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini, sista? Ulishaandika kwenye faili kwamba mimi ni mwongo." Hakusema kwa hasira. "Halafu nilijua utasema mwenyewe. Kwa vile ulivyo. Jumatatu nikakusubiri. Jumanne nikakusubiri."

Akachukua mkoba wake, akauweka begani.

"Jumatano nikafunga begi langu," akasema, akaenda zake darasani.